Kamera Haina Mikono

Usiku kucha mama alikaa kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, akishtuka kila akisikia nyayo. Alfajiri daktari akatoka, akamwambia uvimbe kooni mwa mwanawe umeondolewa. Kusema atasema. Kuimba, asahau.

Mwanawe huyo watu walimwita Chiriku. Tangu ndevu hazijaota alikuwa mwimbaji wa bendi, na ufundi wake haukuwa wa sauti peke yake. Ulikuwa wa macho. Alichagua mtu mmoja ukumbini, akamwimbia yeye mpaka akajiona ameimbiwa peke yake, halafu akahamia kwa mwingine.

Baada ya upasuaji alibaki na sauti ya kukwaruza, kama mchanga kwenye sufuria. Akawa mtu wa kulala akielekea ukutani. Mama hakumbembeleza. Alimpelekea chai, akafungua dirisha, akamwambia akishaoga ndipo watazungumza.

Mwongozaji mmoja wa filamu, aliyewahi kumwona ukumbini, akamwita aigize mfungwa anayerudi kwao. Sauti ile mbovu ndiyo hasa aliyoitaka. Lakini siku ya kwanza Chiriku aliharibu kila kitu: neno likimtoka tu, macho yanakimbilia kwenye kamera, na tabasamu juu. Walirudia mpaka wakachoka. Mwongozaji akamwambia, bila kugombana, arudi keshokutwa. Akiitazama kamera tena, nafasi anapewa mwingine.

Akaja nyumbani akisema basi, kazi hii si yake.

"Basi ya nani?" mama akamuuliza. "Kilichokatwa ni koo, macho hayajakatwa. Inuka."

Akaweka stuli katikati ya sebule, akaketi, akasema yeye ndiye kamera. Binti yake akasoma maneno ya waigizaji wengine. Kila Chiriku alipomtupia mama jicho, mama aligonga stuli kwa mwiko. Aligonga mpaka jirani akaja kuuliza kama wanajenga.

Jioni Chiriku akaanza kupatia. Akafika pale mfungwa anapoambiwa mama yake ameshazikwa, akalia kweli, kimya kimya, bila kumtupia mama jicho. Mkono wa mama ukamponyoka, ukaenda kumfuta machozi.

"Mama," binti akasema, "kamera haina mikono."

Wakacheka wote. Kisha mama akaikalia mikono yake.

"Rudia, mwanangu."

Akarudia, akalia tena. Mama akamtazama tu, asimguse. Kumzaa kulikuwa na nafuu.

Keshokutwa yake mama alimsindikiza studio. Wakamwambia abaki kwenye ujia. Taa nyekundu juu ya mlango ikiwaka, wanapiga picha, haingii mtu. Pale nje alikuta mwigizaji mwingine, nguo za mfungwa tayari mwilini, akikariri maneno yale yale.

"Shikamoo, mama."

Mama akaitikia marahaba, ingawa moyoni alimwombea apotelee mbali. Alijua Chiriku akikosea, mlango utafunguliwa na huyu ataitwa. Maadamu mlango umefungwa, kazi bado ni ya mwanawe.

Taa ikawaka. Ikazimika. Nyayo zikasogea upande wa ndani wa mlango, zikasimama, zikarudi zilikotoka. Taa ikawaka tena, na safari hii ikakaa sana. Yule mwigizaji akaacha kukariri, akaanza kufungua vifungo vya shati la mfungwa, kimoja kimoja.

Mlango haukufunguka.