Chai ya Mwalimu

Kabla ya fujo za uchaguzi nilikuwa mwalimu wa darasa la sita huko Yamumbi, na wanafunzi walinijua kwa neno moja: rudia. Hesabu ikikosewa, rudia. Mwandiko ukipinda, rudia. Kisha rungu likanipata kichwani. Jirani yetu, mama mwenyeji wa hapo hapo Uasin Gishu, wa jamii ya wale walionipiga, ambaye wanawe wote niliwafundisha, akanificha kwenye ghala lake la mahindi hadi gari la kunipeleka hospitali likapatikana.

Nililala wiki nyingi bila kujitambua. Miaka miwili ikapita nikijifunza upya kutembea, kufunga vifungo, kumaliza sentensi. Macho yalibaki na ukungu. Pua na ulimi havikurudi kabisa. Kitunguu na sabuni kwangu vilikuwa kitu kimoja. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenikosoa tena. Nikisema upuuzi, watu waliitikia kwa upole, nami nikapandwa na hasira, nikarusha vikombe. Nilitaka kujua kama bado nilikuwa mtu mzima au mgonjwa wa kubembelezwa tu.

Mwaka wa tatu nikaanza kupika chai ya asubuhi. Mke wangu aliisifu kila siku. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kichwa kile kile kilichopasuliwa kikavimba, nikasema jirani naye aje aionje.

Alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchachushwa, akaketi, akapiga funda moja, akaweka kikombe mezani. Mke wangu akamkonyeza. Hilo niliweza kuliona.

“Mwalimu,” jirani akasema, “hii umeweka chumvi. Hii ni ya kupatia ng'ombe.”

Nilimgeukia mke wangu, akainamisha macho. Alikuwa ameinywa hivyo mwezi mzima, na juu ya hayo akaisifu. Niliona aibu, kisha hasira, na mkono wangu ukashika kikombe tayari kukirusha.

Jirani hakutikisika. Alinitazama vile nilivyokuwa nikiwatazama wanawe.

“Rudia,” akasema.

Nikakiweka kikombe chini. Nikamwaga sufuria, nikawasha jiko upya, machozi yakinitoka na furaha imenijaa. Mikebe miwili ilikuwa kwenye rafu, yote sawa machoni pangu. Nikachukua mmoja, nikampelekea mke wangu aonje kwanza.

“Hiyo ni chumvi,” akasema.