Bwana Maji na Kompyuta ya Shemeji

Asubuhi mapema, chumba cha nyuma tayari kina joto. Kompyuta iliyovuliwa kifuniko imelazwa ubavu juu ya meza, na kila kiungo cha mirija yake ya maji ya kupoza kimezungushiwa karatasi nyeupe ya chooni. Anayeizungushia ni mwanamume wa miaka arobaini na sita. Mtaa mzima unamwita Bwana Maji.

Pampu inanguruma taratibu, kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa. Karatasi moja ikilowa, hata kwa tone, atamwaga kila kitu na kuanza upya.

"Maji na umeme ni mahasimu," anasema bila kuinua macho. "Kazi yangu ni kuwaweka nyumba moja wasigombane."

Alianza kwa kuziba rejeta za magari. Mteja mmoja alimletea rejeta ndogo ya kompyuta inayovuja, naye akacheka, kisha akakaa nayo wiki nzima akijifunza mwenyewe. Siku hizi hutengeneza kompyuta tatu au nne kwa mwezi. Magari ndiyo yanayolipa kodi ya chumba.

Hii ya leo ni ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, mhariri wa video za harusi ambaye hatimaye ana filamu yake mwenyewe. Inasubiriwa ukumbini Ijumaa. Lakini kila akianza kuitoa nzima kama faili moja, kompyuta huchemka na kujizima katikati.

Shemeji alikuja na vifaa vyake: rejeta ya alumini, nyepesi na ya kung'aa, pamoja na chupa ya kulanti, yaani maji ya kupozea, ya rangi ya zambarau. Kipozeo kinachokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ni cha shaba, na hapo ndipo Bwana Maji alipokataa. Alimweleza kwamba shaba na alumini zikichangia maji mamoja, alumini huliwa polepole na unga wake huziba njia. Aliwahi kufungua mashine ya namna hiyo akakuta uji. Rangi nayo huganda, tena huficha uchafu. Yeye hutumia kulanti isiyo na rangi, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu.

Shemeji alinuna. Akiba yake ilikuwa imeishia kwenye rejeta ile, na duka halirudishi.

"Maji meupe, shem? Watu watadhani nimenunua tangi la samaki."

"Samaki wangekuwa na nafuu. Kwenye hiyo yako wangekufa mapema."

Walicheka wote, lakini Ijumaa haikusogea. Bwana Maji akaivuta kompyuta yake mwenyewe kutoka chini ya meza, ya kwanza aliyoijenga, akaanza kufungua skrubu za rejeta yake ya shaba ili aifunge kwenye ile ya shemeji.

"Hiyo hata mimi haniruhusu kuifuta vumbi," alisema mkewe, akiwa ameegemea mlango.

Asubuhi hii karatasi zimebaki kavu. Anazibandua moja moja, anazipapasa kwa kidole, ndipo anawasha. Shemeji, aliyekuwa akisubiri pembeni, anaanza kuitoa filamu. Inafika pale ambapo kompyuta hujizima siku zote. Inapita. Joto limetulia, na filamu inaenda hadi mwisho.

Hapo Bwana Maji anapeleka mkono nyuma ya mirija na kubonyeza swichi ya taa ndogo. Kulanti yote inageuka zambarau.

"Rangi ikae kwenye taa," anasema. "Taa haizibi njia."

Shemeji anafuta macho kwa kipande cha ile karatasi ya chooni.

Rejeta ya alumini imebaki mezani. Bwana Maji ana mpango nayo: atatafuta kipozeo cha alumini, aijenge kompyuta yake upya kwa metali ya ukoo mmoja. Baadaye angependa chumba kinachotazama barabara.

Kwanza, Ijumaa. Shemeji amemwekea kiti safu ya mbele, lakini yeye ameomba cha nyuma kabisa, karibu na mashine inayorusha picha.

"Wenzangu wataangalia filamu," anasema. "Mimi nitasikiliza kama ile mashine inapumua vizuri."