Siku Matope ya Wiyoni Yalipoanza Kusema

Nilipohamishiwa Lamu kufundisha, nilitoka bara nisiijue bahari hata harufu yake. Nikapanga chumba Wiyoni kwa mama mmoja mjane, na dirisha langu likaelekea jaa. Taka za mtaa ziliishia pale, ukingoni mwa maji: ndara zilizokatika, chupa, mifuko ambayo punda waliitafuna mpaka ikawaua. Jaa lilipochomwa, moshi ulinifuata kitandani, nikawa naota natembea juu ya ardhi inayopumua kwa shida.

Mwenye nyumba wangu ndiye aliyeanza. Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, nilisikia reki ikikwaruza chini ya dirisha langu. Nikachungulia.

"Bi mkubwa, utaliweza peke yako?"

"Sitaliweza," akasema. "Ndiyo maana nakwaruza hapa, uamke."

Nikashuka. Baadaye wakaja wanawake wa mtaa, na jaa likapungua gunia kwa gunia. Tukapanda mikoko. Yote ikakauka.

Tulipochimba kutafuta sababu, tulikuta chini ya tope lile safi tabaka jingine la mifuko ya zamani, limekazana kama mkeka. Mizizi haikuwa na pa kupita. Bi mkubwa akaketi palepale, buibui lake ndani ya maji, akalia.

"Nti imetukataa," akasema, akiipapasa ardhi ile.

Niliketi karibu naye mpaka maji yakatufika kiunoni.

Kesho yake nilihamishia pale somo la mazingira. Wanafunzi wangu walishika ncha za mifuko wakaivuta, mirefu, myeusi, ikitoka taratibu kama kitu kilichokuwa usingizini. Wiki baada ya wiki tulivuta. Kisha tukapanda upya, na safari hii majani yakabaki mabichi.

Miche ilipofika mabegani mwa watoto, tulikuwa pale asubuhi moja maji yamekupwa. Msichana mmoja akainua uso.

"Mwalimu, mvua!"

Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Lakini kweli, tulisikia matone: ti, ti, ti, kila upande, na hakuna aliyelowa. Bi mkubwa akainama, mkono sikioni.

"Si mvua, wanangu. Ni matope hayo. Kaa na konokono wamerudi, wafungua milango yao."

Watoto wakalala kifudifudi na sare zao, masikio chini. Sikuwakataza. Nikalala nami. Mwanga ulipita kwenye majani ukatutandazia kijani, na kwa muda sikujua kama niko Lamu au niko ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

"Yanasema nini?" msichana yule akanong'ona.

"Wewe wasikia nini?" Bi mkubwa akamwuliza.

Akasikiliza tena, macho kayafumba.

"Yanasema tusiyakanyage."

Basi tukainuka polepole, tukarudi kwa njia ya mbali, tukizungukia ukingoni, viatu mkononi.