Mpishi wa Sir Edmund

Mzee Sleyum wa mtaa wa Ghubra alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana, akafanya kazi serikalini hadi akastaafu. Kwa miaka yote hiyo alijivunia jambo moja: marehemu baba yake, Khattab, alikuwa mshauri wa Sir Edmund, Mwingereza aliyetumikia kasri la Malkia kabla ya kuingia bungeni.

Basi Bibi Harriet, binti wa Sir Edmund, alipopita Maskati na kuomba kumwona, Sleyum aliona siku yake imefika. Akamwalika na Bi Ghaliya, aliyekuwa akimposa Wijdan, binti wa Sleyum, kwa ajili ya mjukuu wake wa kiume. Bi Ghaliya hakujua Kiingereza, kwa hiyo Sleyum akawa mkalimani.

“Baba yetu alikuwa wa Malkia, kisha wa wapiga kura,” alisema Harriet. “Sisi watoto tulikuwa wa Khattab. Alitupikia, akatuogesha, akatuimbia nyimbo za kwao mpaka tukalala.”

Sleyum akakohoa. “Anasema baba alikuwa akimshauri Sir Edmund mambo ya siasa.”

Wijdan alisimama na dele la kahawa mkononi. “Baba!”

“Mimina kahawa, mwanangu.”

“Ajabu,” alisema Bi Ghaliya. “Maneno pima nzima, tafsiri shubiri! Kizungu hiki kinarudi kama kitambaa kipya kikitiwa maji?”

Harriet alifuta macho. “Alituambia ana mwanawe mdogo Unguja, Sleyum, hajamwona miaka sita. Nimekuja kukuomba radhi. Baba yako tulikuwa naye sisi, huko Uingereza.”

Uso wa Sleyum uliwaka. Alikumbuka mikono ya baba yake iliyojaa makovu ya moto, na siku alipowaambia rafiki zake, mzee akisikia, kwamba yale ni makovu ya vita. Mzee hakumkanusha. Aliiingiza mikono ndani ya kanzu tu.

“Nnangoja,” alisema Bi Ghaliya. “Kasemaje?”

“Kasema baba yangu alikuwa mpishi wao, na yaya wao. Nilikudanganya, Bi Ghaliya. Nimemkana mzee wangu maisha yangu yote.”

Bi Ghaliya akaweka kikombe chini. “Mpishi si aibu, Sleyum. Lakini mtu anayemkana babake, mtoto wetu atakubalije awe mkwewe?”

Wijdan aliinamisha kichwa. Harriet, asiyejua lililosemwa, alimtazama kwa unyenyekevu, bado akingoja kusamehewa. Naye Sleyum hakupata neno la kumpa, si kwa Kiingereza, si kwa Kiarabu, wala kwa Kiswahili cha mamake.