Kiti Kinachotazama Nyuma

Niliporudi Kyela sikuwa na mtu wa kunipokea, na wala sikuwa nimemwambia mtu kwamba narudi. Nilitoka ng'ambo ya Songwe, upande wa Karonga, ambako nilikuwa nikipakia na kupakua mizigo ya wafanyabiashara. Kabla ya hapo nilikaa Tunduma, na kabla ya Tunduma nilikuwa kwenye machimbo ya Chunya. Shule niliiacha kidato cha pili. Watu hutarajia kisa cha kusikitisha hapo, lakini hakipo. Niliona lori linakwenda mahali nisipopajua, nikapanda.

Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki. Shamba lake la kakao lilikuwa mikononi mwa binamu zangu, watu wema, walionikaribisha kwa ugali na samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma. Walinisalimia vizuri. Lakini swali lao la pili, baada ya habari za huko, lilikuwa moja kwa wote: unaondoka lini? Hawakuniuliza kwa ubaya. Ndivyo walivyonizoea. Nikapanga chumba Mbugani, nikapata kibarua cha kuanika kakao ya mnunuzi mmoja kando ya barabara. Asubuhi natandaza turubai, natandaza kakao, naigeuza kwa reki. Jua likianza kulala naikusanya. Harufu yake chachu ilinikaa mwilini hata nilipooga. Kulikuwa na siku nzima ambazo neno pekee nililolitamka ni lile la kufukuza kuku.

Kwenye turubai hilo ndipo nilipokiona kile kigari kwa mara ya kwanza.

Kilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, kimeunganishwa kwa mabomba ya baiskeli mbili zilizokatwa na kuchomelewa upya. Dereva alikaa chini sana, miguu imenyooka mbele, akikanyaga pedeli kama mtu aliyelala kitandani. Chini ya kiti kulikuwa na betri, na kwenye gurudumu la nyuma mota. Waliokiendesha walikuwa wanafunzi wa sekondari, wanne, na mwalimu wao wa fizikia aliyewafuata kwa baiskeli huku ameinua sketi kidogo isishikwe na mnyororo. Madereva wa bodaboda waliwasindikiza kwa kejeli. Mmoja aliwauliza kama mgonjwa wanampeleka hospitali au wanamrudisha.

Niliacha reki, nikawafuata kwa miguu mpaka waliposimama. Niliuliza maswali mengi kuliko adabu inavyoruhusu. Mwalimu, mwanamke wa makamo yangu hivi ambaye wanafunzi walimwita Madam, alinieleza bila kuchoka. Kulikuwa na mashindano Mbeya ya magari yaliyotengenezwa na shule. Asubuhi magari yangekimbia kwa nguvu za miguu, mchana kwa umeme. Na kwa kuwa lengo lilikuwa vyombo vya kusaidia watu kubeba, kila gari lilipaswa kuwa na dereva pamoja na mzigo wenye uzito wa mtu mzima, ufungwe au ukalishwe mzunguko mzima bila kushuka.

Mzigo wao ulikuwa gunia la mchele lililoazimwa kwa mzazi mmoja wa Ipinda. Tatizo, alisema msichana aliyekuwa dereva, gunia haliegemei. Kwenye kona linavuta upande wake, na gurudumu la ndani linanyanyuka. Zaidi ya hapo, mwenye mchele alikuwa amelitaka siku ile ile.

Msichana alinitazama toka juu hadi chini, kama mtu anayekadiria mbuzi.

"Anko, una kilo ngapi?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mzigo.

Kiti cha mzigo kilikuwa nyuma ya dereva, na kwa sababu ya jinsi mabomba yalivyokaa, kilitazama nyuma. Mgongo wangu na mgongo wake ilitenganishwa na ubao mmoja mwembamba. Sikuona tunakokwenda. Niliona tulikotoka tu: barabara ikijikunjua chini ya miguu yangu, mashamba ya mpunga yakirudi nyuma pande zote mbili, na mbali kule milima ya upande wa Matema, ya buluu, isiyosogea. Kazi yangu ilikuwa kuegemea. Akisema "kulia" naegemea kulia kwangu au kwake? Tulianguka mara mbili mtaroni kabla hatujakubaliana kwamba mkono wa dereva ndio unaohesabiwa. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani alitusaidia kuinua kigari, akasema "ndaga, ndaga" kwa sauti ya pole, kisha akakaa chini kando ya barabara acheke vizuri.

Baadaye kazi ikaongezeka. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeona nyuma, nilikuwa namwambia kinachokuja: bajaji, lori la ndizi, ng'ombe aliyekata kamba. Yeye alinieleza kinachofanyika chini yetu. Kwa nini mota inaimba tukianza kuondoka na inanyamaza tukishika mwendo. Kwa nini betri huchoka haraka ukiiharakisha. Nilikuwa nimepanda malori, mitumbwi na treni, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kile kinachonibeba. Kila jioni, kakao ikishafunikwa, nilioga, nikavaa shati safi na kwenda kusimama kwenye geti la shule. Wakaanza kuniita Anko Mzigo. Nilipopita sokoni na mmoja wao akaliita jina hilo kutoka ng'ambo ya barabara, niligeuka haraka kuliko ninavyogeuka nikiitwa jina langu.

Nilitaka kwenda Mbeya kwenye kiti kile. Sijui kama nimewahi kutaka kitu kingine kwa namna ile. Mahali pote nilipokwenda nilikwenda kwa sababu hapakuwa na sababu ya kubaki. Huko pekee ndiko nilikotaka kwenda kwa sababu kulikuwa na nafasi ya ukubwa wangu.

Wiki ya safari ilipofika, Madam alinifuata kwenye turubai. Alichutama, akaokota punje ya kakao, akaipasua kwa kucha kuona kama imekauka. Nikajua habari si nzuri. Mkuu wa shule alikuwa amekataa. Gari la shule ni la wanafunzi na walimu wao. Mtu wa nje hapandi. Wazazi wangeuliza huyu ni nani, na yeye Madam angejibu nini? Hakulisema hilo kwa ukali. Aliniuliza kweli, kama nina jibu la kumpa. Wangerudi kwenye gunia la mchele, alisema. Mzazi alikuwa amelitoa tena.

Nilimwambia hakuna neno. Siku waliyoondoka niliwasaidia kufunga kigari juu ya gari, nikalibeba gunia mwenyewe mpaka mlangoni na kulikalisha kwenye siti ya nyuma.

Kesho yake alfajiri nilipanda basi la Mbeya. Nilijiambia nakwenda kuangalia mashindano, na hilo lilikuwa kweli. Ningekwenda hata kama nisingewajua.

Mbeya kulikuwa na ubaridi ambao mtu wa bondeni huusahau kila anaposhuka. Uwanja ulikuwa umezungushiwa kamba, na njia ya mashindano ilipanda kilima kidogo nyuma ya majengo na kurudi. Kwa watu wa huko kile si kilima. Kwa sisi tuliofanyia mazoezi mahali ambapo maji hayajui yaelekee wapi, kilikuwa mlima. Nilisimama nyuma ya kamba nikawatafuta, na nilipowaona nikajua kuna msiba. Madam alikuwa ameshika kichwa. Wanafunzi walikuwa wamesimama wakitazama viatu vyao.

Msichana aliniona kabla sijaamua kama nataka kuonekana. Alikuja mpaka kwenye kamba, akaniamkia, na kunieleza yaliyotokea.

Jana jioni walifikia kwenye bweni la shule mwenyeji. Madam alikwenda kuandikisha gari, wao wakabaki wakishusha vitu. Matroni wa bweni alitoka kuwapokea, mama mnene mwenye kitenge cha kung'aa, akasikia wametoka Kyela, akaliona gunia. Akafungua mikono. Akasema ametembelewa na wageni wengi mwaka ule, lakini hawa sasa ndio wageni. Akawaita wapishi waje kunusa.

"Sasa, Anko, ungesema nini?" msichana aliniuliza. "Ungemwambia mama huu si wako?"

Nisingesema. Hakuna mtu wa Kyela ambaye angesema. Ukipanda Mbeya mikono mitupu utaulizwa kama mpunga umekauka huko kwenu. Ukipanda na gunia zima, ukaonekana nalo mlangoni, halafu useme si la mwenyeji, utakuwa umemtukana yeye na waliokuzaa wewe. Walilibeba wenyewe mpaka jikoni. Madam aliporudi, sufuria zilikuwa motoni. Wakala bwenini wote, shule zote, na matroni akawaombea dua kwa majina. Madam naye alikula. Angefanyaje?

Sasa waamuzi walitaka mzigo upelekwe kwenye mizani, na vijana wawili walikuwa wametumwa kutafuta mawe mahali penye ujenzi.

"Sitaki mawe," msichana alimwambia Madam, akinionyesha kwa kidole. "Huyu nimemzoea."

Madam alikumbusha kwamba mkuu alikataza nisipande gari la shule.

"Hili si gari la shule, Madam. Hili tumelitengeneza sisi."

Madam akainua kamba.

Kwenye mizani nilipungua kidogo. Kijana mmoja alirudi na mawe yake, akanijaza mifuko ya koti mpaka mwamuzi akaridhika. Nikakaa mahali pangu, mgongo kwenye ubao, mawe mapajani, nikitazama uso wa dereva wa gari lililokuwa nyuma yetu.

Mashindano yale niliyaona kinyumenyume. Bendera sikuiona, niliona tu watu waliosimama nyuma wakianza kuwa wadogo. Kwenye kilima kigari kilikaribia kusimama. Niliusikia mgongo wa msichana ukigonga ubao kila anapokanyaga, na pumzi yake ikikatika, nami sikuwa na la kufanya. Mzigo hauruhusiwi kushuka kusukuma. Niliegemea kwake kwa nguvu zangu zote, kama kwamba kuegemea kungetupandisha, na magari matatu yakatupita, kila moja likiingia machoni mwangu polepole, kubwa, kubwa zaidi, halafu likatoweka ubavuni nisione tena.

Mchana, kwa umeme, mambo yalikuwa mengine. Wengine waliiharakisha betri kwenye kilima na ikawafia juu yake. Yeye aliitunza. "Kulia," alisema, nikaegemea. "Kushoto," nikaegemea. "Wa manjano anakuja upande wako wa kushoto," nikamwambia, naye akafunga njia. Kona ya mwisho hakusema kitu. Niliegemea mwenyewe, na gurudumu halikunyanyuka.

Kwamba tumefika nilijua kwa kelele tu, na kwa kuwa mota iliacha kuimba. Hatukuitwa mbele wakati wa kutoa zawadi. Lakini tulifika mara zote mbili, na wako walioburutwa.

Wakati wa kufunga kigari juu ya gari, Madam alisimama karibu nami akijifanya anakagua kamba. Alisema, bila kunitazama, kwamba kurudi si kama kuja. Gunia halipo, siti ya nyuma iko wazi, na mkuu akiuliza atamwambia alinikuta njiani, jambo ambalo kwa namna fulani ni kweli. Niliingia. Nilikaa kule nyuma kati ya kofia za kinga na dumu la maji, na wote wakawa wanazungumza kwa pamoja, wakibishana kuhusu kile kilima, wakiniuliza niliona nini nyuma.

Ndipo matroni akaja. Vijana wawili wa jikoni walikuwa nyuma yake, wamebeba gunia letu. Lilikuwa limejaa viazi mviringo, limeshonwa mdomo kwa uzi wa katani, limetuna mpaka juu. Chombo hakirudi kitupu, alisema, na hasa cha watu wa Kyela.

Hakukuwa na nafasi nyingine. Juu kulikuwa na kigari. Chini ya siti kulikuwa na betri. Nilishuka, nikawapokea wale vijana gunia, nikalikalisha pale nilipokuwa nimekaa na kulifunga mkanda. Matroni alinishukuru, akidhani mimi ndiye utingo.

Msichana aliteremsha kioo.

"Anko, viazi havijui kuegemea kwenye kona."

"Mwambieni dereva aendeshe taratibu," nilimwambia.

Walipunga mikono mpaka barabara kuu. Nilizoea kuona vitu vikirudi nyuma huku mimi nikienda. Safari hii nilikuwa nimesimama.

Stendi ya Uyole makondakta waliita Tunduma, Njombe, Kyela, wote kwa pamoja, na zamani ningepanda lolote lililo tayari kuondoka. Niliingia la Kyela. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, nyuma ya dereva, kwenye benchi linalowatazama abiria, ambalo watu hulikwepa kwa sababu linatia kichefuchefu. Nililipenda.

Tulipoanza kuteremka Tukuyu, kwenye kona za mashamba ya chai, mwili wangu ulifanya ulivyofundishwa. Kona ya kulia, naegemea. Kona ya kushoto, naegemea. Mawe yalikuwa bado mifukoni. Mama aliyekaa karibu nami alivumilia kona kadhaa, kisha akanisukuma kwa kiwiko.

"Kaka, unaniegemea."

Nikamwomba radhi, nikakaa wima kama gunia mpaka Kyela.