Monitor yangu mpya ya gaming ilikataa kuonyesha nyekundu: yaliyonikuta Ukunda

Wakuu, kwema? Nawasalimu nyote, wa pwani na wa bara.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nami nimeona nitoe changu. Haya sikuhadithiwa na mtu, yamenipata mwenyewe, na mke wangu ameusoma uzi huu kabla sijaubandika ili asije akasema nimejipamba.

Mimi ni fundi wa AC na friji. Naishi Tiwi, lakini kazi zangu nyingi ziko kwenye hoteli na nyumba za wageni za Diani. Jioni nikisharudi, nikaoga, nikaswali magharibi, hukaa na wenzangu wanne online tukacheza game ya bunduki. Hiyo ndiyo starehe yangu. Sinywi, sivuti, miraa sitafuni.

Sasa kwenye timu yetu nilikuwa na aibu moja. Nilikuwa nakufa wa kwanza. Kila siku.

Si kwamba sijui kulenga. Adui akisimama barabarani au mbele ya ukuta mweupe, nammaliza. Akiingia kwenye majani, basi, mimi ndiye maiti.

Rafiki yangu Oti, kijana wa bara ambaye ni mpishi kwenye hoteli moja huko Diani, alikuwa ananipigia kelele kwenye headphone: "Buda, si huyo hapo! Amewaka red mzima! Huoni ama?"

Nilikuwa sioni.

Kwenye ile game adui huzungushiwa mstari mwekundu ili umtofautishe na wenzako. Oti alikuwa akiuona, na wengine vilevile. Mimi nilikuwa naona majani.

Nikasema ni monitor. Nilikuwa natumia ile ya zamani ya ofisini, inchi kumi na tisa, niliyoachiwa na mteja mmoja alipohama. Kioo kimepauka, ukikitazama kwa upande rangi zinageuka. Wala sikuwa na shaka.

Basi nikaanza kusoma. Wakuu, nilisoma! Refresh rate, response time, vioo vya IPS na vya VA, kipi kinaonyesha rangi ngapi. Niko juu ya ngazi nasubiri gesi ijae kwenye AC ya mtu, mkono mmoja una simu, nasoma review. Sijawahi kusoma hivyo hata nilipokuwa shule.

Mwisho nikachagua ya inchi 27, IPS, 165Hz, yaani picha 165 kwa sekunde, yenye sifa ya rangi nzuri. Nikainunua Ukunda kwenye duka la Dada Rukia, mwanamke mpole anayeuza vifaa vya kompyuta, na nikaipakata kwenye tuktuk mpaka nyumbani.

Hapa niwape faida wageni wa mambo haya. Monitor ikishawaka usidhani umemaliza. Yangu ilikaa siku mbili kwenye 60Hz na mimi najisifu kuwa naona tofauti. Ingia display settings, nenda advanced, uchague mwenyewe ile 165. Mimi sikuiona hata kwenye orodha, kwa sababu nilikuwa nimechomeka HDMI ya zamani ya king'amuzi. Ile cable ya DisplayPort ilikuwa imelala ndani ya boksi, bado iko kwenye nailoni yake. Nilipoichomeka, picha ikawa inateleza kama mafuta.

Lakini nyekundu hakuna.

Nikaingia menu ya monitor, vile vidude vya chini, nikapandisha red mpaka mia. Bado. Adui akiingia majani, anayeyuka.

Nikairudisha dukani.

Dada Rukia akaiwasha mbele yangu, akaweka picha ya rangi moja tupu, kioo kizima. "Kaka, hii rangi gani?"

"Nyekundu."

"Basi nyekundu si ipo?"

"Ipo ikiwa peke yake," nikamwambia. "Ikikutana na kijani inapotea."

Akanitazama, akaitazama monitor. Hakunibishia. Akanifungulia nyingine mpya kutoka kwenye boksi.

Ile ya pili ikawa vilevile.

Hapa ndipo nilipokosea, na sijivuni nalo. Nilirudi dukani mara ya pili mikono mitupu, na hasira imenipanda. Kulikuwa na wateja watatu. Nikasema kwa sauti kuwa watu wa Ukunda tunaletewa mali iliyokataliwa kwingine, na wenye maduka wanajua.

Dada Rukia alisema neno moja tu: "Mimi sijamdhulumu mtu." Halafu akaniambia niilete Jumamosi, atazungumza na aliyemuuzia yeye kule Mombasa, na mimi atanirudishia pesa zangu zote.

Nikatoka nikijiona nimeshinda.

Jioni ile nilikuwa kwenye uwanja wa mazoezi wa game, ambapo adui husimama tu umpige. Red nimeipandisha mia hata kwenye hii ya pili. Mke wangu Mwanasha akaingia na chai, akasimama mlangoni.

"Baba Nuru, mbona umeifanya nyumba yote inawaka moto?"

"Moto gani?"

"Kioo chako chote ni chekundu! Macho hayakuumi?"

Mimi nilikuwa nakiona cha kawaida.

Nikamuuliza kama anaona watu kwenye yale majani. Mwanasha hajagusa game maishani mwake. Akaweka kikombe, akanyoosha kidole: "Huyu hapa. Na huyu. Na yule nyuma ya mti, na mwingine amelala chini kule."

Wanne. Mimi nilikuwa nimemwona mmoja, tena kwa sababu alikuwa amesimama kwenye mchanga.

Akatoka, akarudi na leso zake mbili za kujifunga.

"Hii rangi gani?"

"Hudhurungi."

"Na hii?"

"Hudhurungi pia, ila imefifia."

Akakaa kitandani. "Hii ya pili ni kijani, Baba Nuru. Ndiyo uliyoniletea Idi. Uliniambia umenichagulia hudhurungi, nikadhani unanitania."

Tukaingia kwenye simu kutafuta. Tukapata yale majaribio ya vidoto vya rangi, duara limejaa vidoto na katikati kuna namba. Picha ya kwanza nikaisoma vizuri, nikafurahi. Kumbe hiyo ya kwanza kila mtu huisoma, imewekwa kwa ajili ya kujaribu tu. Zilizofuata, Mwanasha akawa anataja namba mbio mbio. Mimi naona vidoto. Nikamwambia anatunga. Akaifuatisha namba kwa kidole juu ya kioo cha simu, pole pole, kama anayemfundisha mtoto kuandika. Hata hivyo sikuiona.

Halafu nikakumbuka kuwa game ina sehemu ya colorblind, ya wasiotofautisha rangi, kwenye settings. Nilikuwa nimeipita mara nyingi sana nikidhani imewekewa watu wengine. Nikaiwasha. Mstari wa adui ukawa wa manjano.

Wakuu, wote wanne wakatokea. Nilidhani ningeshangilia. Badala yake niliiachia mouse, nikakaa namna ile mpaka chai ikapoa, nikijiuliza ni vitu gani vingine vimekuwa mbele yangu miaka yote hii.

Maana nina miaka thelathini na nne.

Kuanzia siku ile nikawa msumbufu. Kila kitu nauliza. Hii rangi gani, na ile je? Embe hili limeiva? Kuna ile miti ya barabara ya Diani inayotoa maua mekundu mpaka wageni wanasimama kuipiga picha. Mimi nilikuwa najua imechanua nikiyaona maua yameanguka kwenye lami. Nilidhani kila mtu anajua hivyo.

Swali lililoninyima raha lilikuwa la kazi. Waya wa moto ni wa hudhurungi. Wa ardhi una kijani, na kwenye nyumba kuukuu ni kijani kitupu. Mimi hupima kila waya mara mbili kwa tester kabla sijaugusa, na nilikuwa nasifiwa kwa uangalifu. Kumbe nilikuwa napima kwa sababu rangi hazikuwahi kuniambia kitu, sikujua tu.

Ningeweza kunyamaza. Nina familia, na nani atampa kazi ya umeme fundi asiyeona rangi? Siku mbili nilinyamaza kweli.

Siku ya tatu nikamwendea Mzee Saidi, mwenye kampuni ninayofanyia kazi, nikamwambia. Akaendelea kufunga skrubu zake kwanza, halafu akauliza: "Umewahi kuunganisha waya bila kupima?"

"Sijawahi."

"Basi usije ukaanza. Na kuanzia leo kila waya ukishaupima, uuandike herufi kwa tepu. Ukiwa na shaka, muite mwenzako autazame. Na hospitali uende, usiishie kwenye simu."

Nimekwenda. Daktari wa macho amesema ndivyo nilivyozaliwa, hakuna dawa, na haizidi.

Jumamosi nikaenda kwa Dada Rukia. Nilisubiri wateja waje, maana nilimkosea mbele ya watu.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi. Monitor ni nzima. Macho yangu ndiyo hayaioni nyekundu juu ya kijani."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Alhamdulillahi! Maana siku zote hizi najiuliza, nyekundu hii imekwenda wapi?"

Hakunichukia. Ila nilimwona ameshusha pumzi, nikajua maneno yangu yalimkaa.

Sasa kuna mtu atauliza nimeirithi wapi. Nami niliuliza. Daktari aliniambia aina hii mara nyingi mtoto wa kiume huipata kupitia kwa mama, na niangalie wajomba.

Nikaenda kwa mamangu, nikamwamkia, nikamsimulia. Akaacha kukuna nazi.

"Mjomba wako Bakari," akasema.

Mjomba Bakari ni kaka yake mkubwa, ana duka la saruji na mabati Msambweni. Mama akanieleza kuwa alipokuwa kijana alikwenda Mombasa kutafuta kazi ya meli. Ukoo mzima ulichanga nauli na nguo. Siku ya pili akarudi. Akasema watu wa meli walimwonyesha kitabu cha vidoto, wakamwambia asome, na ndani hamkuwa na kitu cha kusoma, basi wakamkataa. Babu hakumwamini. Akasema mtoto ameogopa kazi, ametunga uongo wa kitoto. Jina la mwoga likamganda, hata harusini watu walimtania.

Ijumaa baada ya swala nikashuka Msambweni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla?"

Nikampa simu. Akavaa miwani, akasoma picha ya kwanza: "Kumi na mbili."

Nikasogeza ya pili. Akaiweka mbali, akaileta karibu, akaitazama tena.

"Hapa hakuna kitu," akasema. Nikasogeza nyingine. "Wala hapa."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameshajua anatazama nini.

"Namba zipo, mjomba," nikamwambia. "Mwanasha anaziona. Mimi sizioni. Ni macho yetu, tumezaliwa nayo. Wewe hukudanganya."

Akavua miwani. Mteja akaja kuulizia misumari, mjomba akamwashiria angoje.

"Mamako anajua?"

"Ndiye aliyenieleza habari zako."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Niliwaambia," akasema. "Niliwaambia hakuna kitu." Halafu akaomba simu tena, akarudi kwenye ile picha ya pili, akaitazama kwa muda mrefu.

Wakuu, funzo nililopata ni hili: kabla hujamtia mtu kasoro, au bidhaa yake, tafuta jicho la pili likutazamie. Lingeniokoa na fedheha ya dukani. Na mtoto akikwambia haoni kitu ambacho wewe unakiona, usikimbilie kumwita mwongo. Mpeleke akapimwe.

Kwenye game sasa si mimi ninayekufa wa kwanza. Ni Oti.

Nawakaribisha mchangie. Kama nawe huzioni rangi hizi, tuambie ulijua ukiwa na umri gani na unafanya kazi gani, hasa ninyi wa umeme na madereva. Wataalamu wa monitor nao watupe settings zinazowafaa watu kama sisi.

Naomba msione uvivu kuandika. Mjomba alinipigia jana, baada ya salamu akaniuliza kama wako wengine au ni sisi wawili tu. Nimemwambia nitauliza watu.