Siku Tsuma Alipofungua Lango

Kafedha alijifunza Kiingereza akitandika vitanda. Miaka kumi na saba alikuwa mfanyakazi wa vyumba katika hoteli moja ya Shanzu, na kila alipoingia chumba ambacho mgeni wake amekwenda kuogelea, aliwasha televisheni, akabadili shuka, akasugua bafu, masikio yote kwenye filamu. Msimamizi alidhani mama wa watu anapenda kelele tu. Hoteli ilipopunguza watu, alirudi kwao Magogoni na magoti mabovu na Kiingereza safi kabisa. Magoti watu walimpa pole. Kiingereza hakuna aliyekiulizia.

Mwenye Kiingereza pale nyumbani alikuwa mumewe, Kai. Au ndivyo Magogoni ilivyoamini. Kai alikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la Chengo, banda la mabati nyuma ya kinu cha unga, lenye mabenchi na televisheni kubwa. Sauti ya filamu ikipunguzwa, yeye hushika kipaza sauti na kuwaambia watu kwa Kiswahili nani kasema nini, papo kwa papo. Tusidanganyane: Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Katika maneno matano alisikia moja, manne akayatunga mwenyewe, tena akayatunga vizuri kuliko waliotengeneza filamu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Njiani waliacha kumwita Kai, wakamwita Mwalimu.

Mashujaa aliwapa majina ya kwetu, maana yale ya kwao nani angeyashika? Palikuwa na filamu moja iliyokuwa ikitolewa sehemu baada ya sehemu, ya mashujaa sita waliolinda mji wenye ukuta. Mwanamke aliyetema moto Kai alimwita Mbeyu. Mpiga mishale akawa Mutua, kwa sababu Kai hakuwahi kusikia mpiga mishale hodari asiye Mkamba. Na yule mrefu, mpole, aliyependwa na wote, akawa Tsuma.

Katika sehemu ya tatu adui aliingia kwa lango kuu akauteketeza mji, na Tsuma akafa mikononi mwa Mbeyu. Kabla ya kukata roho alisema maneno mengi. Kai akayatafsiri hivi: "Mbeyu, nimelishikilia lango mpaka nguvu zimeniisha. Waambie Tsuma hakukimbia." Banda zima lililia siku ile. Kefa, dereva wa tuktuk aliyetoka Vihiga na ambaye hulia kwa shida, alikwenda kuandikisha kwa rangi nyekundu nyuma ya tuktuk yake: TSUMA HAKUKIMBIA.

Jioni yake, wakila, Kafedha alimwambia mumewe, "Baba Eddah, yule hakusema hivyo. Amesema, nisamehe, lango nimelifungua mimi."

Kai alirudisha tonge sahanini. "Kipaza sauti ni changu. Wewe una vyumba vyako."

Kafedha akanyamaza. Alinyamaza miaka tisa. Siku zake za mapumziko, na baadaye kila siku, alikaa mlangoni mwa banda akipokea tiketi, akisikia maneno ya watu yakipelekwa kusikokuwa kwao. Ilimuuma, na asije mtu akasema haikumuuma.

Mwaka jana kiharusi kikampiga Kai, kikaulaza mkono wa kulia na kuufanya ulimi mzito. Miezi minane hakuvuka ua wake. Mtu aliyekuwa akifika dukani kwa saa nzima kwa sababu ya salamu, sasa akisikia hodi hujiburura chumbani, watu wasimsikie anavyosema. Chengo alimjaribu kijana mmoja wa chuo, Brandon, akatafsiri kama anayesoma taarifa ya habari. Watu wakatoka katikati. Hapo ndipo Kafedha aliposema, "Nipe mimi." Chengo akampa kwa kukosa mwingine. Watu walikuja, wakasikiliza, wakasema mama anajua, lakini si Mwalimu.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho ya mashujaa wale. Kai aliposikia, alikaza shingo akasema, "Nita... kuja."

Kafedha alikuwa na tabia ambayo mumewe hakuwa nayo: aliitazama filamu kwanza, peke yake, asubuhi, kwenye kompyuta ya Chengo. Alipofika katikati aliisimamisha, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Mashujaa waliobaki, sasa wazee, wanaingia katika mtambo unaowarudisha nyuma mpaka siku ile mji ulipoteketea, wakamkamate aliyefungua lango kabla hajalifungua. Wanajificha nyuma ya ukuta, wanangoja. Anakuja na ufunguo. Ni Tsuma.

Neno unaweza kulipindisha. Picha utaipeleka wapi? Akisema kweli, atamvua nguo mumewe mbele ya watu siku ya kwanza anayotoka, na lile jina la Mwalimu ndilo pekee ambalo kiharusi kilikuwa kimemwachia. Akisema uongo, anaitupa kazi yake mwenyewe, ambayo ameingoja miaka tisa. Alirudi nyumbani, akamnyoa Kai ndevu, akamvalisha shati la pasi, asimwambie kitu.

Jumapili saa nane mchana Kefa alimleta Mwalimu kwa tuktuk ileile. Banda lilisimama. "Shikamoo Mwalimu! Karibu Mwalimu!" Kai aliinua mkono wa kushoto, akawekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya mkewe. Hakufungua kinywa, ila macho yalimng'aa, na Kafedha alipoyaona akazidi kuogopa.

Filamu ikaanza. Mashujaa waliporudi nyuma, vurugu ikaingia bandani, maana sasa kila mmoja alikuwa wawili.

"Mathee," Kefa alipiga kelele, "sasa Mutua akijipata yeye mwenyewe, nani ndiye yeye?"

"Mwenye mvi ametoka leo," Kafedha alisema kwenye kipaza sauti. "Asiye na mvi hajui lolote bado. Wewe mfuate mwenye mvi, hutapotea."

Watu wakaridhika, wakamfuata mwenye mvi mpaka nyuma ya ukuta. Lango likatokea. Akaja mtu mrefu, mpole, ufunguo mkononi, akatazama kulia na kushoto, akautia tunduni.

Kafedha alikiweka kipaza sauti mezani.

"Aah! Si Tsuma huyo?" Kefa alikuwa amesimama. "Mbona anafungua? Mwalimu alisema alilishikilia!"

Wote wakamgeukia Kai. Kafedha aliona shingo ya mumewe ikizama kwenye kola, akasema haraka, "Kaeni. Mwalimu alijua. Lakini siku ile Tsuma alikuwa anakata roho mbele yenu. Nani kati yenu huenda matangani akaanza kusema mabaya ya marehemu? Mwalimu alimsitiri."

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Kweli, marehemu hasemwi. Mwalimu ni mtu mzima bwana. Chengo mwenyewe aliinamisha kichwa kwa heshima. Kefa akaketi.

Kai akagonga meza kwa ngumi ya kushoto.

"Si... siyo," alisema. Sauti ilitoka upande mmoja wa mdomo, mate yakifuata, na ndiyo mara ya kwanza watu waliisikia tangu augue. "Siku... jua. Huyu," akamwelekeza mkewe kidole, "huyu a... liniambia. Siku ile ile. Nika... mnyamazisha."

Kafedha alitamani mabati yamwangukie.

"Na tuktuk yangu nimeichora!" Kefa alilalamika, na mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na Kai naye akacheka kicheko chake kipya kilichopinda, mabega yakimtikisika.

Kwenye televisheni wenye mvi walikuwa wamechelewa. Lango lilikuwa wazi, mji unaungua, na Tsuma amelala tena mikononi mwa Mbeyu, palepale, kama miaka tisa iliyopita, midomo ikianza kucheza.

Kai alikishika kipaza sauti kilichokuwa mezani, akakisukuma mpaka kikagusa vidole vya mkewe.

"Sema," akamwambia. "Alivyo... sema."

Kafedha alikiinua. Hakuongeza neno, hakupunguza.

"Nisamehe," alisema. "Lango nimelifungua mimi."

Banda lililia kama lilivyolia mwaka ule, na aliyelia kuliko wote, bila hata kujifuta, alikuwa Kai.